Gari Linalopumua

Mtaa wa Kaloleni,
Kisumu.
21 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Farouk,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta una afya, na kwamba joto la Dammam linakuachia angalau usingizi. Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimepoa? Usininyamazie tena kama ulivyofanya Ramadhani, nikaja kusikia kwa watu kwamba ulilala kitandani siku tatu.

Sisi huku hatujambo. Baba anaamka, anaswali, anakula, ingawa wiki mbili zilizopita alitutia hofu ambayo nitakueleza hapa chini. Mwanangu Safa amekuwa mrefu kunishinda. Tunavaa saizi moja ya viatu sasa, kwa hiyo anayewahi asubuhi ndiye anayetoka na vizuri. Mvua imezidi mwaka huu, na ziwa limepanda hata harufu ya magugu maji inatufikia alfajiri.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikikupigia simu Baba huja kukaa karibu yangu. Gordon wa Migosi, mnayefanya naye kazi, anarudi huko Jumanne na amekubali kukubebea bahasha hii. Isome ukiwa peke yako.

Uliniuliza kati ya magari yetu mawili ni lipi linakula pesa kidogo, ili lile lingine liuzwe tumalizie kiwanja. Nilitoa risiti zote za mwaka nikazitandaza mezani. Nitakujibu kwa ukweli, na ukweli wenyewe hauko upande mmoja.

Lile jeupe la Baba, la petroli tupu, lita moja linakwenda kilomita kumi, likiwa na hali nzuri. Hili la kijivu ulilotununulia, la haibridi, petroli na umeme pamoja, linakwenda zaidi ya ishirini. Kutoka hapa mpaka Muhoroni na kurudi, jeupe lilikuwa linameza petroli ya shilingi elfu mbili. La kijivu halikufika elfu moja. Wakati ule Mama anakuja kutoka huko kusafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, wewe mwenyewe piga hesabu tuliokoa kiasi gani. Hata pedi za breki sijabadilisha tangu lije, ilhali jeupe linazila kama njugu.

Lakini bima ya la kijivu ni elfu sitini kwa mwaka kwa sababu thamani yake ni kubwa, na ya jeupe haifiki elfu nane. Jeupe likiharibika, fundi yeyote chini ya mti analifungua, na spea ziko kila duka. La kijivu linataka fundi mwenye kompyuta. Na ile betri yake kubwa iliyo nyuma ya kiti ikifa, iliyotumika ni laki moja na ishirini, mpya ni zaidi ya mara mbili ya hapo.

Kwa hiyo haibridi inajilipa kwa mtu wa safari ndefu. Tangu Mama afariki na Baba ahamie kwangu, sisi si watu wa safari tena. Sokoni Kibuye, msikitini, shuleni kwa Safa, basi. Petroli tunayookoa kwa mwendo huo inamezwa na bima. Kwa risiti peke yake, Farouk, la kuuzwa ni hili la kijivu. Ningeishia hapo nikufungie barua, lakini kuna jambo limetokea ndani ya gari hili ambalo risiti hazilisemi.

Lilianza Aprili, siku ya Ijumaa. Baba alikuwa ameshaenda msikitini, Safa yuko shule, mimi naanika nguo uani. Gari lilikuwa ndani ya banda la mabati, mlango wa banda wazi, na ufunguo wangu uko jikoni kwenye msumari. Nikasikia injini imewaka. Niliacha nguo nikaenda kutazama. Hakukuwa na mtu. Usukani umetulia, injini inanguruma peke yake. Nikasimama pale kama dakika tatu, kisha ikazima yenyewe, kukawa kimya.

Nikajikaza nikafungua mlango wa nyuma. Ndani mlikuwa na baridi ya kiyoyozi. Nikaweka mkono kwenye kiti, upande ule Mama aliokuwa akilalia. Kiti kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi.

Sikumwambia Baba. Unajua alivyolichukia gari hili tangu siku ya kwanza. Miaka thelathini na moja ameendesha lori la miwa, na kwake gari ni sauti. Alisema mbele ya Mama kwamba gari lisilosikika ni la kubebea maiti. Hata siku za hospitali hakupanda nasi. Mimi nilimbeba Mama kwenye la kijivu, yeye akitufuata nyuma na jeupe lake.

Baada ya wiki moja Mama Brandon, jirani yetu Nanyama, alinijia mlangoni. Ni mama wa kanisa, hana tabia ya kuzusha mambo. Aliniambia kwamba alasiri kila siku anasikia mwanamke akiongea ndani ya banda letu, maneno machache tu, kwa upole, kwa lugha asiyoijua. Nilimweleza kwamba ni gari, kwamba kila linapowashwa kuna sauti ya mwanamke wa Kijapani ambayo fundi ameshindwa kuiondoa. Alitikisa kichwa kukubali. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa nani huwa anawasha?"

Nilimwita ustadhi akasoma. Watoto wa mtaa wakaacha kucheza mpira karibu na banda. Mimi mwenyewe nilipokuwa nikiendesha nilianza kuzima redio, na nikiizima nilisikia kitu nyuma yangu. Pumzi. Inaingia, inatulia, inatoka. Nikisimama kwenye mataa ya barabarani, injini ikijinyamazia kama kawaida yake, ndipo ilisikika vizuri.

Sasa hofu niliyokutajia. Jumamosi ya tarehe saba mvua kubwa ilishuka saa kumi. Nilidhani Baba amelala chumbani. Nilipotoka kukinga maji niliona moshi mwembamba ukipita chini ya mlango wa banda, na mlango umefungwa kwa ndani. Injini inawaka. Niligonga, nikaita, nikapiga kelele. Nanyama akaja na mtaimbo, tukang'oa bawaba.

Baba alikuwa amekaa kiti cha nyuma, Farouk, mahali pa Mama, kichwa kimeegemea ile pembe kati ya kiti na mlango. Ufunguo wa akiba, ule uliokuwa kwenye pochi ya marehemu, alikuwa ameushika mkononi. Tulimburuta mpaka nje kwenye mvua. Alitapika, akafungua macho, akakasirika kwamba tumemtoa. Zahanati walimwekea hewa ya oksijeni mpaka magharibi, wakasema tungechelewa nusu saa tungezungumza mengine.

Asubuhi alipomaliza chai ndipo akanieleza. Tangu Machi, kila siku anaingia ndani ya lile gari. Analiwasha, anahamia nyuma, anakaa. Siku nyingine anaenda kuswali na kuliacha linawaka, kwa kuwa halina sauti ya kumkumbusha. Siku ile ya mvua alifunga mlango asilowe, usingizi ukamchukua.

Nikamuuliza anatafuta nini humo. Akajibu bila kuniangalia, "Mama yenu anapumua mle. Usiniambie husikii."

Sikuweza kumwambia kwamba sisikii.

Jumatatu nilimpelekea gari Ooko, yule fundi mwenye kompyuta. Alikaa nyuma dakika mbili tu, akanyooshea kidole tundu dogo lenye nyavu pembeni mwa kiti. "Mama Safa, hii gari iko na feni hapa ya kupoza betri," akasema. "Imeziba. Ndio inavuta hewa kwa shida hivyo." Alinieleza pia kwamba betri ikipungua injini hujiwasha yenyewe ili kuijaza, kisha hujizima, na ndivyo lilivyokuwa likifanya likiachwa. Kusafisha feni ni elfu mbili na mia tano. Nisiposafisha, betri itaungua kwa joto kabla ya Desemba, na ile laki na ishirini nitaitoa.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilirudi na gari likiwa vilevile, kwa sababu nilitaka kumwambia Baba kwanza. Nilimweleza habari ya feni. Alinisikiliza kama anavyosikiliza mtu anayemfafanulia barabara aliyoijenga yeye. Kisha akaniomba, Baba yetu ambaye hajawahi kuniomba kitu, kwamba tusilisafishe, na kwamba laki na ishirini atalipa kwa kuuza jeupe lake. Jeupe lake, Farouk.

Nikamkatalia. Nilisema mambo makali, kwamba pumzi ile nusura imchukue na yeye, na kwamba wewe huko jangwani huna pesa za kununua betri kwa ajili ya feni. Siku ya tatu akasema sawa, lakini fundi asiguse. Atafungua mwenyewe.

Ooko alikuja kumwonyesha skrubu zilipo, akakaa kando. Baba akatoa kile kifuniko, akaingiza vidole. Vumbi la kwanza lilikuwa jivu jeusi la mashamba ya miwa ya Muhoroni, jepesi kama unga. Nyuma ya jivu kulikuwa na sufu ya kahawia imejisokota, ile ya shali Mama aliyokuwa akijifunika kwa ajili ya baridi ya kusafishwa damu. Na ndani ya sufu, nywele. Nyingi, ndefu, nyekundu kwa hina. Zilikuwa zikimtoka ile miezi ya mwisho, na feni ilikuwa inazivuta moja moja alipolala na kichwa upande ule. Zimefunga tundu lote. Hewa ilikuwa inapita katikati ya nywele za Mama, Farouk, na ndiyo sauti tuliyokuwa tukiisikia.

Ooko alivua kofia yake. Baba alizikusanya zote, hata zile fupi, akazifunga kwenye leso. Jioni alikwenda nazo makaburini peke yake, kwa miguu. Aliporudi aliwasha gari akakaa nyuma kidogo, nami niko mlangoni. Kimya kabisa. Akashuka akaniwekea ufunguo wa akiba kiganjani. "Uza hili," akasema. "Aliyekuwemo ametoka."

Mnunuzi tumempata. Anaitwa Mwalimu Caren, anakaa Migosi na amehamishiwa shule ya Muhoroni, kwa hiyo kila siku atakwenda na kurudi kwa njia ileile yetu. Kwake risiti zinasema vingine kabisa; petroli atakayookoa itamlipia bima na itabaki. Amekubali milioni moja na laki mbili. Anaishi na shangazi yake mgonjwa, ambaye pia atakuwa akimleta kliniki mjini. Alikuja Alhamisi kulijaribu gari.

Yaliyotokea Alhamisi ndiyo yaliyonifanya nikate karatasi hizi. Baba alikuwa amekaa kibarazani na tasbihi. Mwalimu alipokuwa anaagana nasi, Baba akainuka akamfuata mpaka dirisha la gari. "Mwalimu," akamwambia, "likinyamaza njiani na una mgonjwa nyuma, geuka umtazame. Usiseme amelala."

Farouk, wewe unajua Mama alifia njiani, kwenye msongamano, pale trekta la miwa lilipopinduka baada ya mji wa Miwani. Nilivyokusimulia ni kwamba tulipofika hospitali ndipo tulipogundua. Si kweli. Tulisimama pale dakika arobaini. Injini ilijizima, na gari likawa kimya kiasi kwamba nilikuwa nasikia kila pumzi ya Mama. Ilikuwa inaingia, inatulia, inatoka. Kisha ikaingia, ikatulia, nikangoja. Nilikuwa na mikono yangu yote miwili kwenye usukani. Kioo cha kutazamia nyuma kilikuwa juu ya macho yangu na sikukiangalia. Nilijiambia, amelala, Alhamdulillahi, amepata usingizi. Nikaendesha mpaka Kisumu bila kugeuka hata mara moja.

Baba alikuwa nyuma yetu ndani ya jeupe, vioo vimefungwa kwa vumbi, injini yake ikinguruma. Hakuweza kuona wala kusikia. Na mimi sijapata kumwambia mtu yeyote maneno yale, "amelala". Niliyasema moyoni, hayakutoka mdomoni. Nimewaza nani kampa maneno hayo, na nimeogopa kumuuliza. Aliporudi kibarazani alipita karibu yangu, akaweka mkono juu ya kichwa changu kama tulipokuwa wadogo, akaingia ndani kutia udhu.

Basi sasa unajua, na kama una hasira niandikie hasira hiyo, nitaisoma.

Safa anakusalimu na anasema usisahau saa uliyomwahidi. Nanyama na Brandon wake wanakusalimu, Ooko naye. Baba hajui kama nimeandika, ila jana aliuliza kama Dammam kuna mtu wa kukupikia ukiumwa. Mpigie yeye mwenyewe, siku ya Ijumaa, baada ya swala, na umwache aongee.

Mungu akulinde ugenini, akufungulie njia ya halali, akurudishe kwetu ukiwa mzima, na amlaze Mama yetu mahali pema palipo na nuru. Amin.

Mimi dada yako nikupendaye, kama ulivyonijua na kama ulivyonijua leo,

Rehma Idd