Aliyeozesha Okidi

Nyakabiga, 9 Machi 2000

Kwa Kaka Mirindi, huko Liège,

Pokea salamu zangu na za watoto. Natumaini mwili wako ni mzima na baridi imeanza kukuachia. Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe, ingawa milio ya bunduki upande wa kusini haijatulia tangu Februari. Salamu ni hizo. Sasa nina hasira, Kaka, nami nitaiandika yote, maana katika barua hutaweza kunikatiza.

Barua yako ya Januari ilifika. Kurasa mbili nzima ni za okidi. Maji ya mvua, si ya bomba. Asubuhi, si jioni. Moyo wa ua usilowe, chungu kisikae ndani ya maji. Kaka, hapa bomba likitoa maji mara mbili kwa juma tunapiga vigelegele! Mwanangu Olga alilala na homa ya matumbo mwezi mzima, nilikuandikia, hukuuliza hata kama amepona. Uliuliza maua. Risasi zinapita juu ya bati, nami nisimame kuchunguza kama moyo wa ua umelowa?

Ukurasa wa tatu ulikuwa wa Mama. Mistari minne. Uliandika kwamba mwanamke aliyezoea kumwagilia mboga za lengalenga kwa ndoo hana akili ya maua. Kwamba okidi kumi na moja ulizonunua kwa yule Mbelgiji amezifanya takataka. Kwamba asiziguse tena, na kama haelewi, nyumba ni yako na shamba lake la Kanyosha bado lipo. Hivyo ndivyo mtu anavyomwambia mamaye? Lengalenga unayoidharau ndiyo iliyokusomesha mpaka ukajua kuandika matusi kwa mwandiko mzuri.

Na ujue jambo. Karatasi yako ya maagizo ilikaa ukutani miaka mitatu bila mtu kuifuata. Tangu alipokimbia vita huko Kanyosha na kuja kukaa nasi, aliyenywesha okidi zako ni Mama. Kila asubuhi aliinua chungu kimoja kimoja. Kikiwa chepesi, alikimwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha akakiinamisha kichuruzike. Kikiwa kizito, alikiacha. Mizizi ikiwa myeupe alijua ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba. Nilipomtania kwamba amekuwa fundi wa maua ya wazungu, alicheka, akasema mutu amelima miaka makumi tatu, atashindwa aje kujua mumea iko na kiu. Zile picha ulizowaringia wenzako kazini ni kazi ya mikono yake.

Utauliza, kama alijua hivyo, zimeozaje. Ni mimi.

Novemba Mama alikwenda kumuuguza rafiki yake Asiya, akalala hospitali siku sita. Siku aliyoondoka, sisi huku tulikuwa tayari siku ya nne bila maji. Bomba liliporudi kesho yake nikafanya kama Nyakabiga nzima inavyofanya: nikajaza masufuria, madumu, hata vikombe vya chai. Nikatazama okidi zako zilivyokauka, nikazionea huruma. Sikujua maji yatakatika tena lini. Basi nikavitumbukiza vyungu vyote kumi na moja katika yale mabeseni makubwa ya kufulia, maji mpaka juu ya majani, nikaviacha humo ili navyo vijiwekee akiba. Siku tano! Mama aliporudi, mizizi ilikuwa inachunika mkononi. Alikata sehemu zilizooza, akapaka majivu, haikusaidia kitu.

Niliogopa. Mimi ni mjane mwenye watoto watatu ndani ya nyumba ya kaka yake. Nikakuandikia kwamba ni Mama, nikijiambia kwamba mama hafukuzwi. Nilidanganya, Kaka.

Jibu lako lilipokuja, Mama aliketi mkekani kwa furaha, akaniambia niisome yote, nisiruke hata neno. Yeye hajui kusoma. Mistari ile minne ningeiruka, nani angejua? Lakini nilikuwa nimekwisha kuianza, na kunyamaza kungenilazimu kueleza. Nikaisoma mpaka mwisho. Hakukana. Alisema, "Acha aamini ni mi. We uko na batoto." Asubuhi yake akafunga nguo zake katika kitenge, akarudi Kanyosha kwa miguu. Nilimshika mkono mlangoni, akautoa taratibu.

Hili ni juma la tatu. Jumapili kumepigwa risasi huko. Nimekwenda mara mbili, wanajeshi wamenirudisha kwenye bariyeri ya barabarani. Mtu aliyeshuka kutoka kilimani kwa Mama anasema alimwona Ijumaa akipalilia. Tangu Jumapili hajamwona. Kesho najaribu tena.

Nyumba yako ukiitaka, ichukue, nami nitatafuta pa kulala na wanangu. Lakini kwanza mwandikie Mama. Mwandikie yeye, si mimi, umwombe msamaha. Nitampelekea barua hiyo pamoja na msamaha wangu, na safari hii nitasoma kila neno bila kuogopa, hata ukinitukana ndani yake.

Watoto wanakusalimu. Olga naye anakusalimu; amepona. Katika kila barua, mahali kama hapa, huwa naandika kwamba Mama anakusalimu sana. Leo sina wa kumuuliza.

Ni mimi dada yako,
Mathilde