Binti Anapiga Ngoma, Baba Amebaki na Mbwa

Corinne wangu amewekwa katikati. Katikati ya mstari wa ngoma wa Walinzi wa Mto, kikosi cha vijana cha ngoma na tarumbeta, Mama Maxine, pale anaposimama mtu mmoja tu ambaye wapigaji wenzake wote wanamsikiliza yeye ili vijiti na miguu viende pamoja, na mtu huyo nimemzaa mimi, mpishi wa shule ambaye hata sekondari sikumaliza. Haya, sasa salamu, mama, hujambo, na nakuomba unisaidie kwenye ukurasa wako wa ushauri gazetini, maana furaha yangu ina doa.

Hapa Dubuque kila mtu anajua habari hii kwa sababu nimemwambia kila mtu, mpaka mwenye duka la nyama akiniona naingia anasema, "LaVonne, leo tuzungumze nyama tu." Lakini mimi sisemi uongo. Huyo msichana kiangazi kizima analala kwenye sakafu za kumbi za shule, anasafiri kwa basi mji hadi mji, anafanya mazoezi juani kutwa mpaka soksi zimemwachia miguu ya rangi mbili, hakuna anayemlipa, na anapenda. Wa tarumbeta wapo, wa bendera wapo, wote wazuri, Mungu awabariki watoto wa watu, ila ngoma zikianza kuteremka uwanjani kifua kinakutetemeka, ukitazama katikati, yupo wangu.

Sasa mwaka huu ndio wake wa mwisho. Kwenye vikosi hivi ukishatimiza miaka ishirini na mbili huruhusiwi tena, uwe hodari namna gani, na onyesho lao la hapa nyumbani ni mwezi ujao, na baba yake, Duane, anasema haji. Hajawahi kumwona uwanjani hata mara moja. Miaka ya nyuma alikuwa njiani na lori la mahindi, tukamwelewa, kisha akastaafu kwa ajili ya mgongo, nikasema afadhali, sasa ataona, ndipo uwanja wetu wa mbio za mbwa ukafungwa, akaenda kuwatazama wale mbwa waliokuwa wanatafutiwa nyumba, akarudi na Dolly.

Sitamsema vibaya Dolly, maana hakuna mbwa kama yeye Iowa nzima, shingo ya kulungu, macho ya mtu aliyesoma. Alikuja hajui ngazi ni kitu gani, maisha yake yote yalikuwa kibanda na njia ya mbio, na Duane na mgongo wake mbovu ndiye aliyemfundisha, ngazi moja, kipande cha jibini, mguu huu, haya na huu, kwa subira ambayo sikujua kama anayo. Sasa Dolly analala kwenye kochi langu, mimi nakaa kiti cha jikoni. Dada yangu Arlys ananicheka: "Duane kaoa tena, wewe umebaki mpishi wa bibi na bwana harusi."

Nilimwambia, "Baba Corinne, hii ni mara ya mwisho."

"Dolly haachiki peke yake, analia mpaka majirani wanagonga."

"Basi mlete."

"Kwenye ngoma zile? Unataka moyo umpasuke?"

"Na binti yako je?"

"Corinne ana uwanja mzima wa kumpigia makofi, LaVonne. Dolly ana mimi."

Hata mbwa mwenyewe anampenda Corinne, mama, kwa sababu mwezi wa nne mtoto alikuja nyumbani akawa anapiga ngoma gereji, ngoma yenyewe hasa, si ile ya mpira ya kujifunzia, madirisha yanalia, na Dolly anajilaza chali miguuni pake, miguu minne juu, anakoroma, na Duane naye anakaa mlangoni na gazeti eti anamwangalia mbwa, siku zote gazeti lile lile, ukurasa ule ule.

Nimeshachapisha fulana za ukoo mzima zenye picha ya Corinne, na ya Duane imeandikwa mgongoni BABA WA MPIGAJI WA KATIKATI kwa herufi za kung'aa. Aliitazama, akaikunja, akairudisha mfukoni. Corinne akipiga simu ananiuliza, "Mama, baba atakuja?" nami namwambia atakuja. Nifanye nini? Nimfiche Dolly kwa Arlys siku hiyo ili asiwe na kisingizio, au nimwambie mtoto ukweli?

Mama wa Mpigaji wa Katikati,
Dubuque

*

Mama Corinne, hongera. Kusikilizwa na mstari mzima wa ngoma si jambo dogo, na kulea binti anayekubali kulala sakafuni kwa kitu anachokipenda ni sifa yako pia. Jisifu, mimi sikukatazi.

Lakini jibu umeniandikia wewe mwenyewe, kisha ukaniuliza swali. Mbwa anayeogopa ngoma hajilazi chali kando yake akakoroma. Dolly alikimbia mbele ya majukwaa ya watu wanaopiga mayowe, kelele ndiyo iliyomlea. Anayeogopa ni yule aliyeshika kamba yake.

Nawe unamtisha. Mume wako amekosa maonyesho miaka yote, anajua hii ndiyo ya mwisho, na anajua akimwona atalia. Unataka alie katikati ya ukoo wenye fulana, mgongo umeandikwa yeye ni nani, huku wewe ukimtangaza kwa safu ya mbele na ya nyuma? Hata mimi ningebaki na mbwa. Habari za Corinne zinamfikia Duane zikiwa zimeshapita duka la nyama. Ni lini ulinyamaza ukaona yeye angesema nini?

Usimfiche mbwa. Ukifanya hivyo mumeo hatakuamini tena, na atakuwa na haki. Usimwahidi mtoto usilolijua, mwambie ampigie baba yake mwenyewe, aseme tu, "Baba, njoo na Dolly." Fulana ile iweke kabatini.

Mpwa wangu alipiga tarumbeta kwenye vikosi hivi, kwa hiyo nimesimama sana kwenye uzio wa mazoezi. Siku ya onyesho, kabla ya kupanda mabasi, wanapitia kila kitu mwanzo mpaka mwisho kwenye uwanja wa shule, wamevaa kaptura na kofia za jua. Hakuna tiketi, hakuna jukwaa, ni nyasi tu. Duane aanzie mbali kivulini na Dolly, asogee taratibu, na mkanda wa shingo ukae sawasawa, maana mbwa hao wakichomoka huwapati. Wewe kaa upande wa pili wa uwanja, mdomo umejaa pai. Akilia, hukuona. Jioni akitaka kuingia, Arlys atamshika mbwa. Asipotaka, atakuwa ameshamwona binti yake, na binti ameshamwona yeye pale uzioni, hilo ndilo analoliuliza kwenye simu.

Kwa hiyo saa nane mchana uzioni ni Duane na Dolly, saa moja jioni jukwaani ni ukoo mzima pamoja na mimi, Jumamosi, tarehe tano Agosti.