Rameni ya Kiti cha Nne

Mpendwa Bibi Maeng, nasoma majibu yako gazetini tangu nilipoolewa hapa mjini Gunsan, na leo zamu yangu imefika, nishike mkono, maana nimekwama kati ya baba mkwe wangu na mume wangu.

Tuna duka la michezo ya kompyuta, Baba alilifungua wakati mume wangu, Tae-uk, akiwa bado anabebwa mgongoni, na kompyuta zetu hazina diski, ukizizima zinasahau kila kitu, kwa hiyo asubuhi Baba akibonyeza swichi kubwa ya ukutani zinaamka safu kwa safu, taa za buluu zinapanda polepole, na kila moja inaita bila sauti, mimi ni nani, mimi ni nani, na seva ya Baba, ile kompyuta mama iliyo chini ya kaunta, inaijibu, wewe ni fulani, anwani yako ya mtandao ni hii, michezo yako iko hapa, basi inatulia na kuwa kompyuta. Baba hukaa na kikombe chake cha chai ya shayiri akizitazama, nami husimama nyuma yake na tumbo langu la miezi saba, nje ukungu wa bandarini bado haujaondoka, najiona kama niko usingizini, Bibi, naipenda saa ile kuliko ninavyoweza kueleza.

Sasa seva ya Baba imechoka, michezo mipya haiiwezi, na vijana wameanza kutuhama, kwa hiyo majira ya kuchipua niliunda seva mpya kwa mikono yangu nikaiweka stoo nyuma ya katoni za rameni, zile tambi za mchuzi tunazowapikia wateja, ili asiione akaumia, nikijua ataelewa tu, kwani kwetu mtu mzima haambiwi jambo kama hilo, anasoma macho ya watu na kujiondoa mwenyewe taratibu. Hakujiondoa. Sasa seva zote mbili zinajibu, na kompyuta ikiamka inafuata ile iliyowahi kuijibu, iliyojibiwa na ya Baba inaamka na michezo ya zamani, iliyojibiwa na yangu inaamka na mipya, na hakuna ajuaye mpaka iwake.

Na balaa zaidi ni namba, maana wateja huagiza chakula kwenye kompyuta zao, na anwani ndiyo inayotuambia jikoni oda imetoka kiti gani, na Baba alipopanga viti vyake aliiruka nne, ambayo kwa lugha yetu hutamkwa kama kifo na hata lifti za mji huu zinaikwepa, lakini mimi nilipopanga nikahesabu moja, mbili, tatu, nne, nikisema moyoni huu ni ushamba, kwa hiyo kiti cha tano kikijibiwa na seva yangu kinajiita cha nne, na cha sita kinajiita cha tano. Juzi ikaja oda ya kiti cha nne, rameni na yai, nikasimama katikati ya duka na bakuli linafuka mvuke, natafuta kiti ambacho hakipo, na kwa kitambo nikahisi kipo, mahali fulani kwenye ule mwanga wa buluu, na aliyekikalia ana njaa.

"Dada, rameni yangu imeenda kuoa?" kijana mmoja akaniita.

"Kama ni ile ya jibini, nimeletewa mimi," jirani yake akasema. "Nimeshakula nusu. Nikurudishie mchuzi?"

Duka zima likacheka, na Baba akatoka kwenye kaunta akamwinamia yule kijana, mvi zake zote zile, akasema, "Tuwie radhi mteja wetu, kosa ni langu." Kisha akapiga magoti chini ya kaunta, akaifuta seva yake vumbi, akainong'oneza, "Jikaze, mzee mwenzangu. Bado kidogo." Nilipouona ukaidi ule nikaenda kulia jikoni.

Tae-uk anasema tusipomaliza jambo hili kabla shule hazijafungwa, duka linauzwa, maana likizo ndiyo chakula chetu. "Jumanne mzee akienda bafu la umma, we chomoa waya wa seva yake, basi," ananiambia.

"Na akijua?"

"Atanyamaza. Si ndivyo tulivyo humu ndani?"

Jumanne iliyopita niliushika waya, ulikuwa wa moto kidogo, kama mkono wa mtu, nikauachia. Na jambo dogo tu la mwisho, Baba ameshakwenda kwa mtaalamu wa majina kumtafutia mtoto jina, nami nina langu ambalo sijamwambia mtu, na sasa ninaota mtoto anaita gizani, sauti mbili zinamjibu kwa pamoja, naye amesimama hajui afuate ipi. Niambie, Bibi, nichomoe?

Mkwe wa Dukani, Gunsan

*

Mkwe wa Dukani, waya huo usiuguse.

Nimekusoma nikiwa na chai yangu, nikaziona kompyuta zako zikiamka, nikatamani kuja kusimama nyuma yenu. Pole kwa machozi ya jikoni. Sasa kaa chini, maana nitakugombeza.

Hebu yasome tena uliyoyaandika kwa mkono wako. "Kosa ni langu." "Jikaze, mzee mwenzangu." Hivyo ndivyo anavyosema mkaidi? Baba mkwe wako hajui kama kuna seva ya pili! Umeificha nyuma ya katoni, halafu unamnunia kwa kutoiona. Anaona mabakuli yanapotea, anadhani mashine yake imezeeka, na yeye pamoja nayo. Kila asubuhi anauguza kitu kisichoumwa zaidi ya kilivyoumwa mwaka jana, na anawainamia watoto wa watu kwa kosa lako wewe.

Nyumba nzima mnasomana macho, na hakuna anayefumbua mdomo. Macho yake angeyasoma nani, wakati wewe unasimama nyuma yake? Na huyo Tae-uk mpe salamu zangu, mwambie kumvizia baba yake akiwa bafuni si kazi ya mwanamume.

Fanya hivi. Kesho, kabla Baba hajaigusa swichi, mpeleke stoo. Katoni azihamishe Tae-uk, wewe na tumbo hilo usibebe kitu. Mwonyeshe. Sema, "Baba, mabakuli hayakupotea kwa sababu yako. Ni mimi." Ataumia. Mwache aumie, kwa hili hakuna njia ya pembeni. Akishatulia, mwombe akutajie namba zake kiti kwa kiti, uziingize kwenye seva yako, na nne uiruke. Sikuulizi kama unaiamini. Ni duka lake, na watu wamekaa kwenye viti hivyo miaka yote hiyo wakajua walipo. Kisha seva ya zamani aizime yeye, kwa kidole chake mwenyewe, siku atakayochagua kabla shule hazijafungwa. Swichi ya ukutani ibaki yake maadamu ana nguvu za kuifikia.

Halafu hilo unaloliita jambo dogo. Umeniandikia ukurasa mzima wa mashine, na mtoto ukambakishia mistari ya mwisho. Jina lako mwambie Baba asubuhi hiyohiyo, mkiwa bado mmekalia katoni. Huenda akalipenda. Huenda mkabishana mpaka chai ya shayiri ikapoa, na hiyo itakuwa mara yenu ya kwanza kusikilizana sauti. Bishaneni. Mna miezi miwili. Mtoto akitoka na kupiga ile kelele yake ya kwanza, awakute mmeshapatana nani anamjibu.

Bibi Maeng