Ugali Kwenye Kiungo cha Bomba

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Hapa Katindiuka tu wazima, mpunga umeshaingia ndani, na babu yako ameanza kunenepa.

Unauliza kama ninaamini kwamba mifuko ya plastiki tunayoitupa shambani ikipikwa kwenye pipa lililofungwa, mvuke wake ukapozwa, inatoa mafuta ya kuendeshea pawatila, kile kitrekta cha kusukuma kwa mkono. Naamini sana! Enzi za usichana wangu nilipika gongo hivyohivyo na shangazi. Siku moja aliniagiza nizibe kiungo cha bomba la kupitishia mvuke kwa udongo. Kwa uvivu nikaziba kwa ugali. Kuku wakaudonoa, mvuke ukatoroka, tukashinda tunanusa tu.

Sisi tulikosa gongo tu, nyie mvuke wa mafuta ukitoroka mnaweza kuungua. Kabla hamjawasha moto wa jaribio lenu hapo chuoni, kagua kiungo mwenyewe.

Na padri wa hapo chuoni akikuuliza bibi alijulia wapi mambo haya, mwambie nilifundishwa na kuku.

Bibi yako