Koleo la Dada

2 Machi

Mpendwa dada,

Hujambo wewe na vinywa vyako vya watu? Sisi wazima, mwanao ameanza kutembea na kuvunja vikombe.

Mimi niliteleza bafuni, jino la mbele linacheza kidogo, usijali. Ninachotaka kukuomba ni kingine. Shemeji yako gego linamsumbua, usiku hatulali. Alhamisi atakuja kwako ulitoe. Mhudumie vizuri, dada yangu. Akipona jino, na nyumba itapumua.

Barua hii nampa jirani mshonaji. Ukijibu, mpe yeye, si mwingine.

Mdogo wako

6 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi.

Alikuja. Akakaa kwenye kiti, akashika mikono ya kiti, nikaona ngumi yake. Vidonda viwili juu ya vifundo vya vidole, vimeanza kutunga usaha, na katikati yake nafasi. Mimi nasoma meno kama wewe unavyosoma barua. Mwanya ule ni wa mama, na ni wako. Bafu gani lina ngumi?

Kazini kwetu ukichoma ganzi unasubiri, unagonga jino, unamuuliza mgonjwa kama anasikia maumivu. Sikusubiri wala sikuuliza. Nikaingiza koleo nikazungusha. Akapiga ukelele, teke likaangusha trei. Mzizi ukakatika, nikauchimba, damu ikamtiririka shingoni. Nilipomaliza kushona nikamwinamia sikioni: "Hilo ni la mdogo wangu."

Nilifurahi, na sioni aibu kukwambia. Sasa anajua una mtu wa kukutetea. Atakoma.

Dada yako

8 Machi

Dada,

Natumaini unalala. Mimi sijalala.

Aliingia na pamba mdomoni, hawezi hata kutukana. Akanishika nywele, akanipigiza uso kwenye ukingo wa meza ya jikoni, mtoto akiwa mgongoni. Meno mawili ya mbele yametoka. Mwanya wa mama haupo tena. Mtoto hakuumia, ila sasa akisikia mlango anajificha nyuma ya pipa la maji.

Nimekukasirikia kuliko ninavyomkasirikia yeye. Yeye namjua. Wewe ulikuwa naye kwenye kiti, mdomo wazi, na mlango wangu huku haukuwa na mtu wa kunizuia nisitoroke. Ukang'oa jino lako, ukatoa hasira yako, ukamrudisha kwangu.

Alhamisi anarudi kutolewa nyuzi. Amegoma kwenda kwa mwingine, anasema anataka akukazie macho. Mwache akukazie. Safari hii usimuumize, tafadhali. Mcheleweshe tu. Mshonaji atanisindikiza hadi kwa shangazi.

Mdogo wako

13 Machi

Mdogo wangu wa pekee,

Pole, na pole tena. Maneno yako yote ni haki yangu. Shangazi amenipigia simu kwamba mmefika na mtoto amekula, ndipo nikakaa chini nikalia.

Nilimpokea jana kama bwana harusi. Nikachoma ganzi ambayo hata haikuhitajika, nikasubiri, nikagonga, nikauliza. Nikatoa nyuzi mojamoja. Nikamsafisha meno yote, ya juu na ya chini, nikamfunga dawa kwenye ile ngumi pia. Akaniambia, "Leo una mkono mwepesi, shemeji." Nikacheka. Wagonjwa nje wakaanza kunung'unika, nikawaambia wavumilie.

Alipotoka akapiga simu nyumbani. Akapiga tena. Halafu akarudi chumbani bila kubisha. Sikukimbia, maana kila dakika aliyonipiga mimi, hakuwa akikutafuta wewe. Amenivunja taya na meno matatu kabla mlinzi na wagonjwa hawajamvuta. Daktari mwenzangu amenifunga waya mdomoni, kwa hiyo usitegemee simu yangu. Naandika tu, na nanywa uji kwa mrija. Hata hivyo nina furaha ambayo siku ya koleo sikuipata.

Shangazi ana komeo la chuma nyuma ya mlango, ambalo hajawahi kulitumia. Mwambie alifunge, na mtoto asitoke uani. Polisi wamemwachia leo asubuhi.

Dada yako