Rangi Mbichi Kwenye Mabenchi

Shoga, nina hasira!

Wale wamisionari wageni wamepaka mabenchi ya kanisa rangi ya kijani. Jumamosi jioni! Bila kumwambia mtu!

Leo kwaya nzima tumeyakalia na sare zetu nyeupe, zile tulizojinyimia mwaka mzima. Kusimama tuimbe, nguo zimeganda. Gauni la mama mkwe limechanika nyuma, kanisa zima linatazama!

Nikamvaa kiongozi wao. Unajua kanijibu nini? "Pole mama, lakini yamependeza." Yamependeza!

Na mume wangu, mchungaji mzima, ananivuta mkono: "Ni wageni, yaishe." Yaishe yapi?

Baada ya ibada eti wanataka picha ya kwaya. "Simameni tu, mbele hakuna rangi."

Mama mkwe akageuka kwanza. Sote tukageuka.

Wakawaonyeshe kwao hiyo migongo.