Zoezi la Nne: Njia Fupi Zaidi

Soweto West, Kibera
12 Mei 2025

Kaka Ojwang,

Niaje? Shemeji Celine anaendeleaje huko Gatina? Kifua chako kimepoa? Sisi tuko sawa, ila mvua imetuchosha.

Nimeanza kutumia zile ramani za tableti za ofisi yenu na darasa langu la tano. Ulisema masomo yako tayari, mwalimu anafungua tu. Kweli, ile ya mito waliipenda. Immaculate alifuata Nzoia kwa kidole mpaka ziwani, akapiga kelele, "Mwalimu, hii inapita kwa shosho!" Nyanya yake anaishi huko.

Lakini zoezi la nne lina shida. Linasema, "Tafuteni njia fupi zaidi kutoka shuleni hadi maktaba, kisha mwitembee." Ramani inawapitisha nyuma ya shule, kwa kijia kilichobomoka mwezi wa nne. Pale sasa ni mtaro wazi na ubao mmoja juu yake. Tafadhali lifungeni. Mwalimu mkuu, Bwana Shivachi, anataka tumalize mazoezi yote kabla wageni wa ofisi yenu hawajafika kukagua.

Dada yako,
Adero

Gatina, Kawangware
15 Mei 2025

Dada Adero,

Sasa? Kifua kimepoa, asante. Celine anakusalimia sana.

Nimemweleza bosi wangu, Wakarima. Anasema mabadiliko hufanywa mwisho wa muhula. Waambie watoto waguse skrini tu, wasitembee. Halafu naona kwa kompyuta darasa lako limekwama zoezi la tatu. Liguse wewe mwenyewe hilo la nne lionekane limeisha. Wageni wanakuja tarehe 28, na ni mimi niliyependekeza shule yenu. Usiniangushe.

Kaka yako,
Ojwang

Soweto West
19 Mei 2025

Kaka,

Natumai mko wazima.

Kumbe kazi yangu ni kugusa skrini watoto wakiniangalia? Wiki nzima nimeeleza kitu kimoja: hapo hapapitiki. Bwana Shivachi ananiambia niache ujuaji, ramani imetengenezwa na wataalamu. Na wewe, uliyekulia hapa, unaniambia vivyo hivyo. Zoezi hilo sitalifungua.

Dada yako,
Adero

Soweto West
24 Mei 2025

Ojwang,

Leo sitauliza hali.

Jana nilikuwa kwa mkutano wa walimu Riruta. Bwana Shivachi aliona siku zinaisha, akalifungua zoezi mwenyewe, akawatuma watoto wanne na tableti. Ubao uligeuka. Immaculate aliangukia mtaroni, mkono wa kulia umevunjika mahali pawili.

Mamake, Sella, alinikuta hospitalini. Akaniuliza, "Mwalimu, nani alimwambia apite pale?" Nikasema ni shule. Shivachi anataka tuseme alikuwa anacheza. Nimekataa.

Adero

Gatina
5 Juni 2025

Dada yangu,

Najua hutaki salamu zangu. Natumai mtoto analala bila maumivu.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikashindwa. Wakarima sikumwambia kitu. Ile barua yako ya kwanza niliisoma nikaifunga. Niliogopa ataniuliza kwa nini nilichagua shule yenye shida, na kazi yenyewe niliitafuta miaka mitatu. Yale ya mwisho wa muhula niliyatunga.

Jumanne nilimwambia yote. Hakupiga kelele. Alinisukumia kompyuta, akasema, "Lifunge." Nilibonyeza mara mbili, likafungika. Kumbe ni hivyo tu, Adero. Ningeweza kulifunga siku ile ile uliponiandikia.

Nataka kuja kwa mama Immaculate nimwambie mwenyewe. Nipangie siku, na unisaidie kuanza maneno.

Kaka yako,
Ojwang

Soweto West
9 Juni 2025

Kaka Ojwang,

Natumai barua hii inakukuta salama.

Njoo Jumamosi saa nne asubuhi, Sella atakuwa amerudi kutoka kufua. Immaculate anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, na anakasirika haraka, kwa hivyo usimwambie atazoea.

Maneno ya kuanza sina. Nitakufikisha mlangoni, nibishe hodi, niseme, "Mama Immaculate, huyu ni kaka yangu." Hapo mimi nitarudi nyumbani. Mengine utasema mwenyewe.

Dada yako,
Adero